Bi Harusi Kupanda Baiskeli Si Aibu



Wiki chache kabla ya harusi, bi harusi mtarajiwa huruhusiwa mambo mengi bila kuulizwa na mtu. Atakunywa chai ya kupunguza tumbo ambayo hajui imechanganywa na nini. Atashinda na njaa ili gauni limkae kiunoni. Atapakwa mkorogo mpaka vidole vya miguu vikatae kufanana na uso, ingawa vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini mwetu miaka mingi. Mama anajua, shangazi anajua, na wote wanasema, "Anajitengeneza, ni siku yake." Lakini mtoto huyo huyo akionekana asubuhi juu ya baiskeli, kavaa hijabu yake, kajistiri mpaka kifundo cha mguu, simu zitapigwa kutoka Kunduchi mpaka Muscat.

Hili ndilo tunalotaka kulizungumza leo, kwa sababu limetufika mlangoni.

Sisi ni mafundi cherehani, duka letu liko Kunduchi, upande wa Mtongani. Tunashona nguo za harusi, abaya, sare za kina mama na madera ya mitoko. Fundi akishachukua vipimo vya mtu mara tatu au nne, anakuwa anajua habari za nyumba nzima. Ndivyo tulivyokuwa na mwenzetu huyu, bi harusi wa mfunguo huu, ambaye kabla ya kuwa mteja alikuwa shoga tangu tukisoma sekondari. Tuna baiskeli mbili za mtumba kutoka Japani, zile zenye kikapu mbele na kifuniko cha cheni. Tunazitumia kupeleka nguo kwa wateja. Siku moja ya kipupwe tukasema tusipeleke nguo, tujipeleke wenyewe.

Siku yenyewe

Wenzetu wa Ulaya wakisema majira ya baridi, wanafikiria theluji. Kwetu ni kipupwe, kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti, mvua za masika zimeshakwisha, kusi inavuma, na alfajiri unajifunika kanga mbili. Joto hushuka hadi nyuzi 19 au 20 asubuhi, na hata mchana jua halikuchomi kama la Januari. Kwa mwanamke anayevaa nguo ndefu, hakuna majira mazuri kuliko haya ya kutoka na kutumia miguu yake.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Julai. Tuliswali alfajiri, tukanywa chai ya tangawizi, na jua lilipochomoza tukawa njiani. Jumapili tuliichagua makusudi, maana barabara ya Bagamoyo inakuwa na malori machache.

Tulianza kwa kushuka kwenda baharini. Njia inapita karibu na machimbo ya kokoto, ambako wanawake wenzetu hukaa na nyundo wakiponda mawe ndoo kwa ndoo. Tuliwasalimia, wakatucheka kidogo, kisha mmoja akauliza baiskeli kama ile ni shilingi ngapi. Tulikumbuka jambo ambalo watu wa maneno hulisahau. Mwanamke kutumia nguvu za mwili wake hadharani si jambo geni huku kwetu. Anaponda mawe, anabeba ndoo ya samaki kichwani, anateka maji, na hakuna anayesema ameharibika. Neno linaanza pale anapoutumia mwili ule ule kwa kufurahi.

Pwani tulikuta ngalawa na mashua zimerudi. Kipindi cha kusi bahari inachafuka na samaki wanapungua, kwa hiyo mnada ulikuwa mdogo na kelele zilikuwa kubwa. Kina mama wakaanga samaki walikuwa wameshawasha kuni. Tulikula mihogo na vipande vya pweza, tukaangalia ng'ambo kisiwa cha Mbudya. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni visiwa vilivyomo kwenye hifadhi ya bahari ya Dar es Salaam, iliyotengwa tangu mwaka 1975. Mwenzetu aliishi Kunduchi miaka yake yote na hakuwahi kuvihesabu vyote vinne kwa majina.

Kisha tukaenda magofu. Wasomaji wengi wa visiwani mnadhani mambo ya kale ni Mji Mkongwe na Kizimkazi peke yake. Njooni Kunduchi. Kuna mabaki ya msikiti wa karne ya 15, na makaburi ya karne ya 18 na ya 19 katikati ya mibuyu, mengine yana nguzo zilizosimama mpaka leo. Kwenye nguzo na kuta za makaburi hayo palipachikwa sahani na bakuli za kauri za Kichina, zilizoletwa na vyombo vya bahari. Nyingi zimeshang'olewa, yamebaki mashimo ya mviringo ukubwa wa sahani. Tuliwaombea dua waliolala pale. Mwenzetu akasema kwamba hawa walioweka vyombo vyao vizuri kwenye kaburi, walikuwa na mabinti walioolewa, na mafundi walioshona nguo za mabinti hao. Uislamu wa pwani hii ni wa zamani. Ulikuwa na biashara, ulikuwa na safari, ulikuwa na uzuri, na uliijua dunia.

Kutoka magofu tulirudi barabara kuu, tukapita Tegeta, tukashuka Bahari Beach mpaka Ununio. Kusi ilitusukuma mgongoni, tukawa kama tunapepea. Adhuhuri tuliswalia Ununio. Kurudi ndiko tulikolipa deni, maana upepo ulitukabili usoni na tulikokota baiskeli kwenye mchanga mara mbili. Kwa jumla tulizunguka kama kilomita 25. Jioni miguu iliuma, na mwenzetu, ambaye kwa wiki tatu alikuwa halali kwa mawazo ya ukumbi na kamati, alilala baada ya Isha mpaka alfajiri.

Picha ikafika kabla yetu

Njiani, mtu aliyekuwa kwenye bajaji alipiga picha. Hatukumwona. Kabla ya Magharibi picha ilikuwa imefika kwa wifi mtarajiwa. Hakukuwa na tusi kwenye ujumbe wake, palikuwa na swali tu: "Huyu ndiye mwari wetu, kapanua miguu barabarani?"

Maneno yangeishia hapo tungenyamaza. Wanaharusi wote husemwa. Lakini siku mbili baadaye alikuja shangazi wa upande wa bwana harusi, kakaa kwenye mkeka, kanywa kahawa, na mwisho akatoa ombi. Kwamba kabla ya akdi atafutwe mkunga, bi harusi "aangaliwe," ili mioyo itulie, kwa sababu baiskeli inajulikana inavyofanya.

Mama yake hakula chakula usiku ule. Baba hakuambiwa. Mwenzetu alikuja dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akatuuliza, "Nikikataa, si wataona nina la kuficha?"

Dada zetu, huo ndio uzito wa jambo. Binti wa watu, asiye na kosa, anatakiwa avue nguo mbele ya mtu baki ili athibitishe kwamba kiti cha baiskeli hakikumwoa. Ndiyo maana tumeandika.

Mwili hausemi wanachodhani unasema

Tuanze na hilo la ubikira, kwa lugha ya heshima lakini bila kuzunguka.

Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa na UN Women, walitoa tamko kwamba kile kinachoitwa kipimo cha ubikira hakina msingi wowote wa sayansi na kikomeshwe. Hakuna daktari, hakuna mkunga, hakuna bibi mwenye uzoefu wa miaka 50 anayeweza kumwangalia mwanamke akajua kama amewahi kukutana na mwanamume au la. Ule utando si kifuniko cha chupa ya soda. Kwa maumbile una uwazi, ndiyo maana damu ya hedhi inatoka. Kwa wengine ni mwembamba, kwa wengine ni laini wenye kuvutika, na wengine wanazaliwa nao kidogo sana. Wapo wanawake wengi wasiotoka damu usiku wa kwanza ilhali hawajaguswa na mtu. Ni wangapi wamelaumiwa bure kwa sababu ya kitambaa cheupe?

Sasa sikilizeni upande wa dini. Pwani yetu, tangu Lamu mpaka Kilwa, walio wengi ni watu wa madhehebu ya Imamu Shafi. Kitabu kinachoheshimiwa sana katika madhehebu haya ni Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Katika mlango wa ndoa, suala hili limo. Msichana aliyepoteza utando wake bila kukutana na mwanamume, mfano kwa kuanguka, hukumu yake kwa kauli iliyo sahihi zaidi ni hukumu ya bikira. Kinachobadilisha hukumu ni tendo. Wanachuoni walilijua hili zaidi ya miaka 700 iliyopita, kabla baiskeli haijaundwa, na sisi leo tunalisahau kwenye mkeka wa kahawa.

Tena kuna hatari kubwa zaidi upande wa wanaosema. Sura An-Nur imeweka adhabu nzito kwa anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi kisha asilete mashahidi wanne. Sura Al-Hujurat imetukataza kudhaniana vibaya na kuchunguzana. Anayependekeza binti wa mtu "aangaliwe" hajasema tuhuma kwa mdomo, lakini tuhuma ameiweka katikati ya chumba, na kila mtu ameiona. Ajiulize ana mashahidi wangapi.

Wanawake wa Kiislamu na vipando

Tunaambiwa: sawa, lakini mwanamke kupanda kitu kile mguu huku mguu kule, si adabu. Sisi hatutoi fatwa, masheikh wapo. Tunajua pia kwamba wapo masheikh wanaolichukia jambo hili, na tunawaheshimu. Lakini kisa kinachosomwa msikitini tunaweza kukisikiliza sote.

Bi Safiyya binti Huyayy aliolewa na Mtume, rehema na amani zimshukie, mwaka wa 7 wa Hijra baada ya Khaybar. Alikuwa bi harusi hasa, njiani kurudi Madina. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba Mtume alimtandikia nguo nyuma yake juu ya ngamia, kisha akakaa kando ya ngamia akaliweka goti lake, na Bi Safiyya akakanyaga juu ya goti lile ndipo akapanda. Wanaume wanaotaka kuoa wakisome kisa hiki mara mbili.

Katika hadithi nyingine wamesifiwa wanawake wema wa Kikureshi, na sifa waliyotajwa nayo ni kwamba wao ni bora kati ya wanawake wapandao ngamia. Bi Umm Haram aliomba duwa awe miongoni mwa watakaosafiri baharini katika njia ya Allah, akasafiri, na alipofika kisiwa cha Kupro akaanguka kutoka kwenye mnyama wake akafa. Kaburi lake liko karibu na Larnaca mpaka leo, na watu wanalizuru. Hatujasikia mwanachuoni aliyesema alianguka kwa sababu mwanamke hapaswi kupanda. Na Sura An-Nahl, ikitaja farasi, nyumbu na punda kwamba tumeumbiwa tuwapande, inamalizia kwa kusema Mola huumba na mengine tusiyoyajua.

Kwa nyinyi wa Unguja kuna ushahidi wa nyumbani. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi watoto wa jumba la Mtoni walivyofundishwa kupanda wanyama tangu wadogo. Wasichana nao walipanda, juu ya punda wakubwa weupe wa Maskat. Hao walikuwa mabinti wa Sultani, wenye stara na watumishi. Leo hii, ukienda mashamba asubuhi, utawaona wasichana wa skuli na shungi zao nyeupe juu ya baiskeli, na hakuna anayepiga picha kuzituma kwa wakwe.

Hata Saudi Arabia, ambako zamani jambo hili lilikuwa zito, mwaka 2013 wanawake waliruhusiwa kuendesha baiskeli kwenye maeneo ya mapumziko, wakiwa wamevaa abaya na wana mahram. Mwaka mmoja kabla yake, mwongozaji wa kike Haifaa al-Mansour alikuwa ametoa filamu ya Wadjda, kuhusu msichana wa Riyadh anayetamani baiskeli. Na mwaka 2018 wanawake wa huko wakaanza kuendesha magari. Mambo yalijadiliwa, yakawekewa masharti, yakaenda.

Stara inashonwa

Hapa tupo kwenye fani yetu, na hapa ndipo wanaopinga wana hoja ya kweli. Baibui la kawaida halifai baiskeli. Dera halifai kabisa. Linapepea, linaingia kwenye njiti za gurudumu au kwenye cheni, na linakuvuta chini. Wengi wetu tumeona baibui likinaswa na tairi la bodaboda, na hatutaki kuona tena. Pia upepo wa kusi hauna haya, unafunua. Kwa hiyo atakayetoka na nguo ya kupepea hajajistiri na hajajilinda.

Lakini tatizo la nguo huondolewa na mkasi na uzi. Tunavyoshona sisi ni hivi.

Suruali bwanga, pana mapajani, yenye nafasi ya kutosha kwenye msamba ili usivutwe unapoinua goti. Chini kwenye kifundo weka lastiki au kishikizo, hasa mguu wa kulia, maana cheni iko upande huo.

Juu yake koti refu lipite goti, lifike katikati ya ndama. Pembeni, kushoto na kulia, weka mpasuo, lakini usiuache wazi. Shonea kipande cha ndani kilichokunjwa kama marinda. Ukikaa kwenye kiti kinafunguka, ukisimama kinajifunga, na wakati wote hakuna kinachoonekana. Upindo wa chini ukunje mara mbili, upana wa vidole vitatu, uwe mzito ili upepo usiunyanyue.

Kitambaa kiwe cha pamba nzito kidogo au krepu isiyong'aa. Usitumie jezi inayoshika mwili, wala shifoni. Mikono mirefu yenye lastiki kwenye kiwiko cha mkono. Mfuko wenye zipu kwa ajili ya simu.

Hijabu iwe ya kushonwa, ya kuvaa moja kwa moja, isiyo na pini shingoni, na kofia ngumu ikae juu yake. Ukianguka, pini chini ya kidevu ni kisu.

Mwenzetu siku ile alivaa hivyo kuanzia juu mpaka chini. Ile picha ya wifi ikiangaliwa vizuri, kinachoonekana ni uso na viganja. Bi harusi huyo huyo siku ya harusi atatakiwa avae gauni la kubana mbele ya mpiga video na wapiga matarumbeta, na wanaolalamika leo ndio watakaotunza. Tunaomba mizani iwe moja.

Barabara ndiyo ya kuogopa

Kama mama anataka sababu ya kumzuia binti, tutampa sababu ya kweli, nayo ni barabara. Barabara ya Bagamoyo ina malori ya saruji yatokayo Wazo na ya kokoto, ina daladala zinazokata mbele yako bila taa, na ina bodaboda zinazopita kushoto na kulia. Sisi tulipofika Tegeta tulishuka tukakokota baiskeli pembeni, kwa sababu mahali pa kupita hapakuwepo.

Huku ndiko maneno yangetakiwa yaelekezwe. Kigali, kwa jirani zetu Rwanda, wana Jumapili mbili kila mwezi ambazo barabara fulani zinafungwa asubuhi magari yasipite, na watu wa kila umri wanatoka kukimbia, kutembea na kuendesha baiskeli. Septemba 2025 mji huo uliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Sisi hatuombi mashindano. Tunaomba saa mbili za Jumapili kwenye barabara za pwani yetu, na njia ya pembeni ambayo mama anaweza kupita na mwanawe bila kusoma shahada kila lori likipita.

Na afya nayo ina haki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hesabuni tunazopata sisi, tunaoshinda kwenye cherehani, dukani au jikoni. Angalieni mama zetu na presha, shangazi zetu na sukari. Bi harusi anayeanza nyumba yake na mwili wenye nguvu ameingia na mahari ambayo haikuandikwa.

Neno kwa kila mmoja

Kwa mama wa bi harusi: mwanao ni amana yako mpaka akdi ifungwe, na baada yake pia. Ukikubali aangaliwe kwa kuogopa maneno, utakuwa umewafundisha wakwe zake kwamba wakitilia shaka jambo lolote, wewe utaufungua mlango. Leo ni ubikira, kesho itakuwa simu yake, keshokutwa itakuwa mtoto kafanana na nani.

Kwa mawifi: nanyi mna mabinti, au mtakuwa nao. Neno mlilolitupa kwa binti wa watu linajua njia ya kurudi nyumbani.

Kwa bwana harusi: huu ndio mtihani wako wa kwanza, na umekuja kabla ya mahari kukabidhiwa. Huna haja ya kugombana na shangazi zako. Sentensi moja ya adabu inatosha: "Mimi nimeridhika, msimguse." Ukishindwa kuisema sasa, hutaweza kuisema akiwa ndani ya nyumba yako.

Kwa somo na makungwi wetu: nyinyi ndio wenye sauti kwenye chumba ambacho masheikh hawaingii. Mnapomfunda mwari kuhusu usafi, singo, manukato na adabu za chumbani, mfundeni pia ukweli wa mwili wake. Mwambieni bayana kwamba damu si hati ya ushahidi.

Na kwako bi harusi: mtake ushauri aliyekuzidi umri na elimu, mshirikishe baba au kaka, na chunga stara yako, swala yako na wakati wako. Usiendeshe baiskeli ili upigwe picha. Nenda na mwenzio, nenda kweupe, rudi mapema. Na mtu akikuomba uvue nguo ili umthibitishie heshima yako, una haki ya kusema hapana. Hapana hiyo si ushahidi dhidi yako. Mwenye haya ndiye anayekataa kuvuliwa.

Mwenzetu amekataa. Alimwambia mama yake kwa upole, mama akamwambia baba, na baba, baada ya kukaa kimya muda mrefu, alituma mtu kwa wakwe na jibu fupi kwamba mwanawe haangaliwi. Bwana harusi amesema tarehe ibaki pale pale. Wifi bado hajapiga simu, na hatujui siku ya harusi atakaa upande gani wa ukumbi. Gauni limebakiza kushonewa shanga za mikononi. Baiskeli zetu zipo nyuma ya duka, na Jumapili hii kusi ikitulia tunataka kuelekea Mbweni.

Tunamwomba Allah awahifadhi mabinti zetu na ndimi za watu, awape waume wenye goti la kukanyagia, na atupe sote moyo wa kudhania mema. Amin.

Wabillahi tawfiq.